Data Zetu Zilale Kwetu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata wazo la maisha! Nilikuwa dukani, mkono mmoja kwenye mashine ya kopi, mwingine kwenye kikombe cha chai, redio inasoma habari. Mataifa makubwa yanazibiana njia. Huyu hataki vipuri vya simu vya yule, yule hataki programu za huyu. Kila mmoja anajenga ukuta wa sheria na kuuita usalama. Serikali yetu nayo haikutaka kupitwa. Kuanzia mwisho wa mwezi huu, kumbukumbu za wagonjwa wa nchi hii ni marufuku kutunzwa ng'ambo. Zirudi, zikae kwenye kompyuta zilizo ndani ya mipaka.

Nikaweka chai chini. Zahanati ya mtaani kwetu inatunza kumbukumbu zake kwa kampuni kubwa ya huko nje. Zikirudi zitafikia wapi? Zinahitaji nyumba. Mimi nina nyumba!

Na lazima nifanye jambo. Siku hizi watu wanapiga karatasi picha kwa simu na kutumiana. Mteja wangu wa leo alikuja kuomba chenji. Jana Wifi, dada wa mume wangu, mwenye duka la kompyuta lenye vioo upande wa pili wa mfereji, kanieleza kwa upole kwamba duka langu likifungwa, kiti cha kaunta kwake kipo. Kwa upole! Mbele za watu! Mimi nikae kaunta ya Wifi niwaambie wateja karibuni tena? Afadhali nitafune hizi karatasi.

Jumanne, 4 Machi

Mitambo tayari. Kompyuta kuukuu zote za stoo nimezifuta vumbi. Moja ilikuwa na kiota cha panya, lakini inawaka vizuri kuliko zote.

Mahali: chumba cha Mama Mkwe. Ndicho chenye bati jipya, feni na dirisha la upepo. Nilimweleza kwamba taifa linamhitaji. Akauliza taifa litakaa upande gani wa kitanda. Tukafanya mazungumzo ya kibiashara, magumu kweli. Amekubali kwa masharti: televisheni yake isiguswe, feni imwelekee yeye kwanza na kompyuta baadaye, na mimi nimkande miguu kila jioni. Huo ni ushuru mkubwa. Nimesaini.

Mume wangu aliporudi akauliza kwa nini mama yake analala kiwandani. Nikamwambia hicho si kiwanda, ni bohari la data. Akasema sawa, akaenda kuoga. Mume huyu hana tamaa kabisa. Namuonea huruma.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi Mkuu wa zahanati alikuja kukagua. Mwanamke mrefu, maneno machache, macho ya kupekua. Akatazama kompyuta, akatazama kitanda, akamtazama Mama Mkwe aliyekuwa anaangalia mieleka kwenye televisheni.

Nikajipiga kifua. Nikasema hapa kuna ulinzi saa zote, maana Mama Mkwe halali, anasinzia tu. Mama Mkwe akaniunga mkono huku amefumba macho.

Nesi Mkuu akasema ataniletea kumbukumbu zote za chanjo na za wajawazito kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Atazifunga kwa neno lake la siri. Mimi kazi yangu ni kuzitunza tu, siwezi kuzisoma. Kampuni ya ng'ambo imeshafuta nakala yake, kwa hiyo hizi ndizo zilizopo. Akanitazama usoni aliposema hivyo. Ndani yake mna kila mtoto wa mtaa huu, akasema. Nikatabasamu.

Kisha habari mbaya. Wifi naye ameomba! Ana kiyoyozi. Ameshaweka na bango. Nesi Mkuu amesema mwisho wa mwezi ataamua. Nikishindwa, ni kaunta.

Mama Mkwe alipokwenda kumsalimia Wifi jioni, kama kawaida yake, na mkoba wake kwapani, nilimwomba anitazamie hicho kiyoyozi ni cha ukubwa gani. Akasema yeye si mpelelezi. Ni mama wa mmoja na mkwe wa mwingine, na wote wawili ni wake. Maneno matamu. Hayanisaidii chochote.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbukumbu zimefika, na mpya za kila siku zitafuata; nakala ya akiba ipo kwenye diski ndogo, ndani ya mkoba wa Mama Mkwe. Ila kiyoyozi huwezi kukishinda kwa feni. Lakini unaweza kukishinda kwa sheria! Mbona wakubwa wanafanya hivyohivyo? Mwenzako akitengeneza kizuri kuliko chako, unagundua ghafla kwamba chake ni hatari kwa usalama.

Mfereji ndio mpaka. Huku kwetu ni Kata ya Chini, kule kwa Wifi ni Kata ya Juu. Zahanati ipo huku. Basi nimekwenda kwa Diwani wetu nikamuuliza kama anaona sawa watoto wa Kata ya Chini wahifadhiwe na wageni. Akashtuka, akauliza wageni gani. Nikasema wa ng'ambo. Sikutaja kwamba ni ng'ambo ya mfereji.

Diwani anapenda sana kitu chenye kauli mbiu. Nilimletea moja mkononi: Data Zetu Zilale Kwetu. Akaisema mara kadhaa akitembeatembea ofisini, mara ya mwisho akanyoosha na ngumi juu. Ataipeleka barazani wiki ijayo iwe sheria ndogo ya mji: kumbukumbu za kata zitunzwe ndani ya kata yenyewe, si kwingine.

Wakati huohuo nimemwekea Wifi vikwazo. Nimemtaka arudishe waya wangu wa kuunganishia umeme aliouazima mwaka jana, na hakuna tena sukari ya kuazima kutoka jikoni kwangu. Mama Mkwe akauliza kama vikwazo vinahusu na yeye kunywa chai kule. Nikasema yeye ana kinga ya kibalozi.

Jumatano, 12 Machi

Imepita! Baraza zima limeinua mikono. Nasikia waliotaka kuuliza maswali walikuwa na njaa. Diwani alipiga ile ngumi yake juu na watu wakapiga makofi.

Nimepita mbele ya duka la Wifi taratibu, nikiwa sina ninachokifuata upande ule. Alikuwa anashusha bango. Nilitegemea anune. Badala yake akatoka, akanipa hongera, akasema nimemweza. Kisha akarudisha waya wangu, umekunjwa vizuri kabisa.

Nimeona haya kidogo. Yakapita nilipofika kona.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya mkosi. Mpima ardhi wa baraza alikuja kuthibitisha kwamba bohari langu lipo ndani ya kata, kama sheria inavyotaka. Nilimkaribisha kwa soda. Nikamwonyesha mfereji kwa mbali, nikamwambia asijichoshe, mpaka ule pale.

Akasema mpaka si mfereji. Mfereji ulichimbwa na watu wa mtaa baadaye, kwa sababu ya mafuriko. Mpaka wenyewe unatoka kwenye nguzo iliyo nyuma ya kanisa na kunyooka hadi tangi la maji. Akafungua ramani, akavuta futi kamba, akaanza kutembea. Akapita uwanjani. Akaomba radhi, akaingia sebuleni. Akapita nyuma ya kochi, akachora alama ya chaki ukutani, akatokea upande wa pili.

Mpaka unapita ndani ya nyumba yangu!

Jiko na nusu ya sebule vipo Kata ya Chini. Vyumba vya kulala vyote vipo Kata ya Juu. Nimeolewa miaka yote hii na nimekuwa nikilala ugenini. Bohari langu, kwa sheria niliyoiomba mwenyewe, ni haramu. Mpima akasema nina mpaka Jumatatu kuhama. Alimaliza soda kwanza.

Mume wangu ametazama ile chaki. Akauliza kama akiamka kwenda kunywa maji atahitaji pasi ya kusafiria. Hiyo ndiyo michango yake.

Jumamosi, 15 Machi

Tumehamia jikoni. Hapakuwa na namna. Kompyuta zimepangwa sakafuni kati ya kabati na sinki. Masufuria yamekwenda chini ya kitanda chetu. Jiko la gesi lipo uwani. Hata ile diski ndogo ya akiba, ninayonakilia kumbukumbu zote na ambayo Mama Mkwe alikuwa anaitunza kwenye mkoba wake, nimeidai. Sheria ni sheria. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko.

Mama Mkwe aliitoa kwa shingo upande. Nikadhani ameizoea.

Ushuru wa miguu unaendelea ingawa chumba nimeshamrudishia. Nilipinga. Akasema mkataba hautaji chumba, unataja miguu.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Maji yalikatika tangu Jumapili. Leo asubuhi nilifungua bomba la sinki nione kama yamerudi. Hayakutoka hata tone. Nikaliacha wazi hivyohivyo, na kizibo cha sinki kikiwa mahali pake, nikaenda dukani kuandika bango jipya. Mume wangu alikuwa kazini. Mama Mkwe alikuwa kwa binti yake.

Maji yamerudi mchana.

Nilipofungua mlango yalinipokea kizingitini. Mtungi mdogo wa chumvi ulikuwa unaelea. Nilikimbilia nje, nikazima swichi kuu ya umeme, nikarudi nikaziinua kompyuta moja baada ya nyingine na kila moja ikamwaga maji kama birika. Droo ya vijiko imejaa pomoni. Diski ilikuwa chini kabisa, chini ya uma.

Nimejaribu kuwasha. Kimya. Nimezianika uwani, nimezipepea, nimeisugua ile diski kwa shuka safi. Kimya.

Kila mtoto wa mtaa huu. Nani kachanjwa nini, nani bado, mama yupi alitoka damu nyingi mara iliyopita asijifungulie nyumbani. Nimezichukua kwa majigambo na nimezizamisha kwa bomba la kuoshea vyombo. Na kwa nini zilikuwa kando ya sinki? Kwa sababu ya sheria yangu mimi. Nimelia hadi pua imeziba.

Mume wangu alikaa sakafuni na mimi kwenye yale maji. Hakufanya mzaha. Akasema kesho twende wote kwa Nesi Mkuu tukaseme ukweli. Nikamwambia ndiyo. Kichwani nilikuwa natafuta njia ya kusingizia panya.

Jumatano, 19 Machi

Sikusingizia panya. Ningetaka, ila sikuwahi kupata nafasi.

Tulipokuwa tunavaa viatu, Mama Mkwe akatokea sebuleni, kavaa vizuri, mkoba kwapani. Akasema ana jambo, na nisimkatize. Akasema ile diski tangu mwanzo alikuwa haitunzi tu. Kila jioni akienda kwa Wifi alikuwa nayo mkobani, Wifi anaichukua, anaipachika kwenye kompyuta yake, anamrudishia. Hata Jumapili hii aliitoa kwenye droo nikiwa uwani napika; Jumatatu tu ndiyo hakupata mwanya.

Magendo! Ndani ya nyumba yangu! Kwa mkoba wa Mama Mkwe!

Akasema hakuona ubaya. Binti yake alimwomba, na yeye hajui kumkatalia mtoto yeyote, ndiyo maana hata mimi nilipata chumba.

Tukaenda kwa Wifi mbio. Alinifungulia, akatazama chini. Wifi wangu, mwenye vioo na kiyoyozi, akaangalia vidole vyake kama mwanafunzi aliyekamatwa. Akakiri. Alikuwa ananichungulia. Alitaka aone ninavyopanga mafaili ili anipiku. Lakini kila akifungua anakuta matakataka, maana yamefungwa kwa neno la siri la Nesi Mkuu. Akadhani labda ya kesho yatafunguka, akaomba ya kesho. Akaendelea hivyo. Ana nakala zote hadi ya Jumapili.

Nilitakiwa nikasirike. Nilimkumbatia hadi miwani yake ikadondoka. Akaanza kulia naye, akasema anajua ni wizi. Nikamwambia wizi huu Mungu ambariki nao. Mama Mkwe akauliza kama vikwazo vimekwisha, maana chai ya kule haina sukari wiki nzima sasa.

Alhamisi, 20 Machi

Tulikwenda zahanati wote: mimi, Wifi, Mama Mkwe, mume wangu nyuma kabeba kompyuta ya Wifi. Nilisema mwenyewe. Bomba, sinki, sheria, yote. Wifi naye akasema yake.

Nesi Mkuu akavuta kiti mbele ya kompyuta. Aliingiza neno lake la siri. Tukasubiri, mimi nimeshika mkono wa Wifi, sijui hata niliushika saa ngapi.

Benchini kulikuwa na mama mchanga na kitoto chake. Kadi ya chanjo ilipotea alipohama nyumba. Nesi Mkuu akaandika jina, na kumbukumbu ikatokea, nzima, na tarehe ya sindano inayofuata. Ilikuwa leo. Kitoto kikadungwa, kikapiga yowe, mama yake akacheka kwa furaha. Sijawahi kusikia yowe tamu kama lile. Za Jumatatu na Jumanne watazijaza upya kutoka kwenye daftari la mapokezi.

Ndipo Nesi Mkuu akatugeukia. Lo! Alitusema. Alisema tunawagombania watoto wa watu kama watu wanavyogombania kiti kwenye harusi. Kwamba mwenye kiyoyozi anaiba na mwenye sheria anazamisha. Kwamba angetunyang'anya wote wawili leo hii, ila ameona kitu kimoja: kilichookoa watoto ni kwamba nakala zilikuwa mahali pawili. Basi kazi tutaifanya wote. Nakala moja kwa Wifi, moja kwangu, na isiwe jikoni. Kila mmoja amkague mwenzake kila wiki. Tukikataa, mlango ule pale.

Hatukukataa. Duka langu limepona! Sikai kaunta ya mtu!

Lakini kuna kizuizi. Sheria ya nchi inakubali, maana kote ni nchini. Inayokataza ni sheria ndogo ya mji. Ile ya kwangu. Nesi Mkuu kanitaka niiondoe nilivyoileta.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda kwa Diwani kumwomba afute kile nilichomwomba atunge. Aliumia kweli. Alikuwa ameshachapisha fulana, Data Zetu Zilale Kwetu, maboksi kwa maboksi mpaka mlangoni. Nilimshauri kwamba fulana hazina kosa. Mtu akiulizwa kwetu ni wapi, aseme nchi nzima. Akafikiri. Akaona ni jambo la kitaifa hilo, linaweza kumfikisha mbali. Akapiga ngumi juu. Baraza limekutana mchana na limefuta, na nasikia safari hii walikuwa wameshiba.

Tumeandika bango moja, jina langu na la Wifi. Nimetaka la kwangu litangulie kwa sababu ya umri. Wifi ni mkubwa kwangu. Tumeyaandika kwa duara.

Kompyuta yenye kiota cha panya imewaka! Imekauka, imekohoa, imewaka. Ipo chumbani kwa Mama Mkwe, juu ya meza, na feni inamwelekea yeye kwanza. Shule imeshakuja kuuliza. Fundi cherehani anataka tumtunzie vipimo vya wateja wake. Wifi ananifundisha mambo ya mtandao polepole, bila kunidharau, nami nimemfundisha kupatana bei na Mama Mkwe, jambo ambalo hakuwahi kuliweza tangu azaliwe. Jioni tulikula wote nyumbani kwangu, sebuleni, wengine kata hii na wengine kata ile. Nilikuwa na furaha ya kweli. Nimeona wazi kabisa kwamba mipaka hii ni upuuzi, na kwamba kumzibia mwenzako njia ni kujizibia mwenyewe. Sitarudia maishani.

Ijumaa, 28 Machi

Haiwezekani! Kuna fundi redio wa kata ya tatu, kule bondeni, naye amefungua bohari la data. Ana umeme wa jua juu ya bati. Bei yake ni chini kuliko yetu, na ameshazungumza na shule. Shule YETU.

Wifi amesema tushushe bei au tuweke na sisi umeme wa jua. Wazo zuri, la kizamani. Nimemwuliza: huyu mtu tunamfahamu? Hilo jua lake limekaguliwa na nani? Wifi akasema jua ni lilelile. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyoanzaga.

Nimekwenda kwa Diwani kabla hajafungua ofisi. Nimemletea kauli mbiu mpya, safi, atahitaji fulana nyingine. Akanitazama, akaniuliza taratibu kama nimesahau yaliyonipata mwezi huuhuu. Nikamwambia nimesahau vipi? Nimejifunza mno! Kosa la safari ile lilikuwa moja tu, hatukupima kwanza. Safari hii nimekuja na futi kamba yangu mwenyewe.